Kwa Mwenye Kisukari Hakuna "Mafua Tu"

Haya ni maandishi ya mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa jimbo. Wengi mliniandikia mkiyaomba. Nimenyoosha sentensi chache, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Makamanda, habari za mchana.

Mada iliyonitangulia ilikuwa daftari la wapiga kura, na ukumbi mzima ulikuwa macho. Sasa mmeletewa binti wa sheria anayekuja kuzungumzia chanjo ya mafua, tena baada ya pilau. Nimeshamsikia kamanda mmoja pale nyuma akisema, "Mafua tu?" Asante sana kamanda, umenirahisishia kazi. Tuanzie hapohapo kwenye hilo neno "tu".

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Kuna mafua yale ya kawaida: pua inatiririka, unapiga chafya, unakunywa chai ya tangawizi na limau, baada ya siku tatu nne umesahau. Halafu kuna influenza. Hii nayo tunaiita mafua, au tukiona imemlaza mtu tunasema "mafua makali". Influenza inakuja ghafla. Asubuhi uko kazini, jioni mwili wote unauma kama umepigwa, homa imepanda, kikohozi kikavu, huwezi hata kunyanyuka kitandani. Ni kirusi tofauti kabisa. Kwa kijana mzima kama wengi wenu humu ndani, wiki moja imeisha, umepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza inawapata watu wapatao bilioni moja, kati ya milioni 3 na milioni 5 wanaugua sana, na watu 290,000 hadi 650,000 wanakufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Kila mwaka, jamani, hata mwaka ambao hakuna mlipuko wowote unaotangazwa kwenye taarifa ya habari.

Swali la msingi ni hili: wanaokufa ni akina nani? Hawafi kwa bahati nasibu. Wengi ni wazee, watoto wadogo sana, wajawazito, na watu ambao tayari wana ugonjwa mwingine mwilini. Hawa wa mwisho ndio hasa nataka tuwazungumzie leo, kwa sababu kila mmoja wenu ana mtu wa namna hiyo nyumbani kwao. Kama unabisha, hesabu: mwenye kisukari, mwenye presha iliyoshafika kwenye moyo, mwenye pumu, mwenye figo, mwenye selimundu, anayeishi na VVU, anayetibiwa saratani. Nyumba gani ya hapa jimboni haina hata mmoja?

Chukua kisukari. Sukari ikiwa juu, askari wa mwili wanakuwa wazito kupambana na maambukizi. Halafu maambukizi yenyewe, homa ile, inapandisha sukari zaidi. Mgonjwa hana hamu ya kula, hajui ameze dawa au aache, apunguze insulini au aongeze. Anazunguka kwenye duara hilo siku mbili tatu, mara nimonia imeingia. Cheti cha kifo kitaandikwa nimonia, au kisukari. Hakuna atakayeandika mafua. Ndiyo maana tunaamini mafua hayaui, kwa sababu yanaua kwa jina la mwenzake.

Moyo ni hivyohivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha utafiti uliowafuata watu waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara kuwa na influenza. Ndani ya siku 7 baada ya kukutwa na kirusi, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa mara 6 ya nyakati nyingine. Mara sita! Sasa mzee wa mtaani anaanguka bafuni wiki moja baada ya "mafua", sisi tunaanza kuulizana nani kamroga.

Selimundu naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hili ni letu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, inakadiriwa ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Mtoto wa selimundu, bandama lake linaharibika mapema, na bandama ni moja ya ngome za mwili dhidi ya maambukizi. Homa inamkausha maji, chembe za damu zinajikunja na kuziba mishipa, maumivu yanaanza. Yakifika kwenye mapafu, kifua kinabana, oksijeni inashuka, na hapo mnakimbizana na dakika. Mama wa mtoto wa selimundu akisikia mwanawe anakohoa, hasemi "mafua tu". Muulizeni.

Kwa wanaoishi na VVU, utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha tuna watu wazima zaidi ya milioni 1.5. Anayemeza dawa vizuri na virusi vyake vimefubazwa yuko salama zaidi, lakini bado yuko kwenye orodha ya wanaoshauriwa kuchanjwa. Wajawazito wamo pia, ingawa ujauzito si ugonjwa. Mapafu yanabanwa, moyo unafanya kazi ya watu wawili. Na kuna faida ambayo wengi hawaijui: mama akichanjwa, kingamwili zake zinapita kwa mtoto tumboni. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hii yeye mwenyewe, kwa hiyo kinga yake pekee ni ile anayozaliwa nayo.

Sasa tuje kwenye chanjo.

Ipo. Sio ndoto, sio ya majaribio. Kirusi cha influenza kina tabia ya kubadilika sura, kwa hiyo chanjo ya mwaka juzi inaweza isimtambue wa mwaka huu. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanakaa na takwimu kutoka maabara za nchi mbalimbali, wanaamua aina zipi ziwekwe kwenye chanjo inayofuata. Ndiyo maana inachomwa kila mwaka. Mtu akikwambia "mbona ya surua hairudiwi kila mwaka, hawa wanatafuta hela", mjibu hivyo. (Kwa wale wanaopenda mambo madogomadogo: kuna aina moja ya kirusi B, inaitwa Yamagata, haijathibitishwa kuonekana kwa mtu tangu Machi 2020. Imepotea. Kwa hiyo chanjo nyingi zimerudi kwenye aina 3 badala ya 4. Ukikuta ya aina 3 usidhani umeuziwa pungufu.)

Tusidanganyane: si chanjo kamili. Mwaka ambao aina zimelingana vizuri na kirusi kinachozunguka, inapunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Kwa maana hiyo unaweza ukachanjwa na bado ukaumwa. Ila aliyechanjwa akiumwa, mara nyingi haumwi kwa ukali uleule, na kwa mtu mwenye moyo mbovu tofauti ya kuumwa nyumbani na kuumwa akiwa kwenye oksijeni ndiyo tofauti yenyewe tunayoitafuta. Kinga inachukua kama wiki 2 kujengeka. Wanaosema "nilichoma, kesho yake nikapata mafua" wengi wao walishakutana na kirusi kabla, au walipata mafua yale mengine ya kawaida ambayo chanjo hii haiyahusu.

Je, chanjo inaweza kukupa influenza? Ile ya sindano hapana. Ndani yake kirusi kimeshauawa, au kimewekwa kipande chake tu. Kipande hakizaani. Utapata maumivu ya mkono, pengine kahoma kadogo siku moja au mbili. Ipo pia ya kupuliza puani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, na hiyo haifai kwa mjamzito wala mtu mwenye kinga dhaifu. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii aseme mapema kabla ya kuchomwa. Na yapo madhara adimu, kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaohusishwa nayo kwa kiwango cha mtu mmoja au wawili katika kila dozi milioni moja. Nalitaja makusudi. Sitaki mtu aende kulisoma mtandaoni usiku wa manane akarudi kwenye kundi letu la WhatsApp kutuambia tulifichwa.

Maana hofu ya chanjo katika nchi hii ina historia, na sisi tuliiishi. Januari 2021 kiongozi mkuu wa nchi alisimama jukwaani akasema chanjo za korona hazifai. Julai 28 mwaka huohuo, kiongozi mwingine, wa chama kilekile, serikali ileile, alichanjwa mbele ya kamera na kuwaomba wananchi wafuate. Miezi sita! Mwananchi wa kawaida amwamini nani? Mimi simcheki mama anayeogopa sindano. Ameyumbishwa na watu waliolipwa mshahara kumwelimisha. Lakini makamanda, na sisi tuna watu wetu humuhumu wanaosambaza vile vijipande vya sauti, "msikubali, wanataka kutupunguza". Ukisambaza kile kijipande kwa sababu tu kinaipiga serikali, aliyekusikiliza akaacha kumchanja mwanawe hataumia waziri. Ataumia huyo mtoto.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niombe nafasi hii. Nani anaipata?

Mama yangu mdogo ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Ana genge, nyanya, vitunguu, mchicha. Mwaka huu nilimwambia twende tukaulizie hiyo chanjo. Kituo cha afya tulichoanza nacho, muuguzi alituambia kwa upole kabisa kwamba hapo hawana, kaulizeni hospitali binafsi. Tukaenda. Wanayo, iko kwenye jokofu, wanachoma siku hiyohiyo. Bei tuliyotajiwa ilikuwa mauzo ya genge ya karibu wiki nzima, mauzo, siyo faida. Mama mdogo alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, turudi, hii ni ya wenye ofisi." Hakukasirika hata kidogo. Mimi ndiye niliyekasirika.

Na hakukosea. Wanaochanjwa mafua hapa kwetu kwa kawaida ni wafanyakazi wa kampuni zinazowalipia, wasafiri, mahujaji wanaojiandaa na msongamano wa Makka, na wenye uwezo. Vijana wenye afya, wengi wao. Muuza genge mwenye kisukari, ambaye kila siku anapokea noti kutoka mikono hamsini na kukoholewa usoni, hayumo. Yaani tumeipindua orodha juu chini.

Hatukosi uzoefu wa kuchanja, hilo niliseme kwa haki. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975. Chanjo ya nimonia na ya kuhara iliingia 2013, ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana ikasambazwa nchi nzima 2018. Majokofu ya nyuzi 2 hadi 8 yapo mpaka vijijini, wauguzi wanajua kazi. Tulichokosa ni uamuzi kuhusu watu wazima wagonjwa. Chanjo vichwani mwetu bado ni jambo la watoto.

Afrika Kusini wanafanya hivi: kila mwaka kabla ya baridi yao, kliniki za umma zinatoa chanjo ya mafua bure kwa makundi maalumu, wazee wa miaka 65 na kuendelea, wajawazito, wanaoishi na VVU, wenye kisukari, moyo na mapafu, pamoja na wahudumu wa afya. Si nchi isiyo na matatizo. Wamechagua tu nani aanze.

Mtaniuliza, wewe wa sheria, sheria inasemaje? Hapa mnivumilie kidogo.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Inasomeka vizuri sana. Halafu rudi nyuma kurasa chache, ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Wametupa kwa mkono wa kulia, wakachukua kwa wa kushoto, na vyote viko kwenye kitabu kimoja. Mama mdogo hawezi kwenda mahakamani na ibara ya 11.

Ibara ya 14 je? Hiyo iko kwenye haki za msingi: kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Na hii imewahi kufanya kazi. Wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, walilishtaki Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya jalala na moshi wake. Jiji liliomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa taka pale. Jaji Lugakingira alikataa, akasema kuwaweka watu kwenye hatari ile ni kinyume na ibara ya 14. Nikiisoma kesi ile huwa napata nguvu. Ila tusijipe matumaini ya bure: kumzuia mtu asikumwagie taka ni tofauti na kuilazimisha serikali ikununulie dawa. Wakili mzuri anaweza kujaribu, mimi sitawaahidi ushindi.

Kenya wana ibara ya 43 ya katiba yao ya 2010, haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na unaweza kuipeleka mahakamani. Hata hivyo hata wao chanjo ya mafua haijafika kila kliniki, licha ya jopo lao la wataalamu wa chanjo kupendekeza mwaka 2016 kwamba wapewe watoto wa miezi 6 hadi 23. Kwa hiyo katiba nzuri haitoshi. Lazima kuwe na fungu.

Na fungu ndiyo siasa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Hapo ndipo ninapotaka tuelekeze nguvu, kwa sababu kila bima ina kitita cha mafao, na kitita kinaandikwa na watu, hakishuki kutoka mbinguni. Swali letu liwe moja, fupi, lisiloweza kukwepwa: je, mwenye kisukari, selimundu, moyo, pumu, figo au VVU anapata chanjo ya mafua ndani ya kitita cha msingi, ndiyo au hapana? Kama hapana, itagharimu kiasi gani, na kulaza wagonjwa wa nimonia kunagharimu kiasi gani?

Kuna kamanda mmoja tulibishana sana wakati naandaa mada hii. Aliniambia, "Dada, zahanati haina hata panadoli, wewe unataka chanjo ya mafua." Hoja ya maana, siidharau. Msimamo wangu ni huu: shilingi hata moja isitolewe kwenye surua wala polio. Na sidai kila Mtanzania achanjwe, hilo ni la miaka mingi ijayo. Nadai tuanze na wale ambao tayari tunawajua kwa majina na faili zao. Kliniki ya selimundu ina siku yake. Kliniki ya kisukari ina siku yake. CTC zina kumbukumbu nzuri kuliko ofisi nyingi za serikali. Kliniki ya wajawazito kila mtu anaijua. Watu hawa wanakuja wenyewe, wanapanga foleni, wanapimwa uzito. Kuongeza sindano moja kwa mwaka pale pale hakuhitaji jengo jipya wala semina ya Dodoma. Na waanze na wauguzi wenyewe, maana muuguzi anayekohoa ndiye anayewapelekea wagonjwa wodini.

Mpaka hapo litakapokubaliwa, kuna mambo hayahitaji waziri. Ukiwa na mafua makali usiende kumsalimia bibi mwenye moyo, piga simu. Ukilazimika, vaa barakoa, na usione aibu. Ukiwa na bima, uliza rasmi kama chanjo hii imo, omba jibu kwa maandishi, tuletee. Mwenye hali niliyozitaja akishikwa na homa ya ghafla asisubiri siku ya tano, aende hospitali mapema: ipo dawa inayopambana na kirusi chenyewe, oseltamivir, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48. Na tuache kununua amoxilini vidonge vinne dukani. Inaua bakteria, kirusi hakiigusi.

Fomu za maswali kwa madiwani wetu ziko mezani kwa katibu. Kila kata ipeleke lake kwenye kikao kijacho cha baraza. Nasimamia hapo.

Nyongeza: baada ya mada kijana mmoja aliuliza kama mtu anaweza kuchanjwa akiwa tayari ana mafua. Nilimjibu kwamba pua kutiririka kidogo bila homa si kizuizi. Ukiwa na homa kali, ngoja ipungue kwanza, halafu urudi.